Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: nyongeza ya asilimia 6 iliyopunguza mshahara

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Kiuchumi,
Nairobi.

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Mipango, Bunge la Taifa, Waziri wa Leba.

KUH: MAKATO YA LAZIMA KWENYE MISHAHARA YA CHINI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu. Sisi ni makarani wa mishahara katika viwanda na maghala ya Nairobi. Kazi yetu ni kuhesabu kila mwezi nani analipwa nini, nini kinakatwa na kinapelekwa wapi. Barua za kawaida tumeshaandika, na maoni tumeshapeleka kila yalipoitishwa. Jibu limekuwa moja: yamepokelewa. Ndiyo maana leo tunakuandikia mbele ya watu.

Hatupingi kulipa ushuru. Tunachosema ni kwamba maamuzi yaliyopitishwa moja moja tangu 2023, kila moja likiwa na sababu yake nzuri, hukutana yote kwenye karatasi moja, nayo ni hati ya mshahara. Hatuoni dalili kwamba kuna ofisi iliyoyajumlisha kabla ya kuyaanzisha. Sisi hatuna budi kuyajumlisha, na haya ndiyo tunayoyaona.

1. Nyongeza imeishia njiani.

Chukua mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa katika agizo la serikali la kima cha chini cha mshahara: mfagiaji, mtunza bustani, tarishi, bawabu wa mchana. Katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, kiwango chake mwaka 2022 kilikuwa Sh15,201.65. Kuanzia Novemba 2024 kiliongezwa kwa asilimia 6 kikafika Sh16,113.75. Ongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 ambayo agizo lenyewe linadai, upate Sh17,481.90 wakati ule na Sh18,530.81 baada ya nyongeza. Tofauti ni Sh1,048.91 kwa mwezi, na ndiyo iliyopigiwa makofi Sikukuu ya Wafanyakazi.

Sasa tuingie kwenye makato. Mwaka 2022 mtu huyu alikatwa Sh200 za NSSF (akiba ya uzeeni) na Sh600 za NHIF (bima ya afya ya wakati huo), jumla Sh800. Akaenda nyumbani na Sh16,681.90.

Kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, NSSF ni asilimia 6 ya mshahara, yaani Sh1,111.85. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF, ni asilimia 2.75, yaani Sh509.60. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani Sh277.96. Jumla ni Sh1,899.41. Anaenda nyumbani na Sh16,631.40.

Mheshimiwa, amepungukiwa na Sh50.50. Ameongezewa mshahara na serikali ile ile, halafu akapeleka nyumbani pesa chache kuliko alizopeleka kabla ya kuongezewa. Hapo hatujagusa bei ya unga, nauli wala kodi ya chumba. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, na yeyote ofisini mwako anaweza kuirudia kwa dakika tano.

2. Nafuu iliyotolewa imewapita wanaoihitaji.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ya 2024 iliruhusu SHIF na ushuru wa nyumba vitolewe kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara. Ilitangazwa kuwa habari njema kwa mfanyakazi. Kwa mfanyakazi yupi?

Anayelipwa Sh18,530.81 halipi PAYE, kwa sababu Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni Sh2,400, na nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 huifuta yote. Huwezi kumpunguzia mtu ushuru ambao halipi. Nafuu yake ni sufuri.

Anayelipwa Sh30,000 hukatwa Sh825 za SHIF na Sh450 za nyumba. Hapo yuko kwenye daraja la asilimia 25, kwa hiyo anaokoa Sh318.75. Anayelipwa Sh100,000 anaokoa Sh1,275. Anayelipwa milioni moja yuko kwenye daraja la asilimia 35 na anaokoa Sh14,875 kila mwezi.

Ukitaka kuliona kwa asilimia, mfagiaji hulipa asilimia 4.25 kamili ya mshahara wake kwa makato haya mawili. Mwenye milioni moja, baada ya nafuu, hulipa asilimia 2.76. Tena NSSF ya mwenye milioni ina kikomo, ambacho Februari 2025 kiliwekwa Sh4,320, yaani chini ya nusu ya asilimia moja ya mshahara wake. Mfagiaji hana kikomo kinachomgusa; kwake ni asilimia 6 hadi shilingi ya mwisho.

Na tukiwa hapo hapo: Sheria ya Fedha ya 2025 ilipandisha posho ya safari isiyotozwa ushuru kutoka Sh2,000 hadi Sh10,000 kwa siku. Hatuna neno na wanaosafiri. Ila tulipoingiza badiliko hilo kwenye mfumo, hatukumpata mpakiaji hata mmoja ambaye lilimhusu.

Nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 na daraja la PAYE la Sh24,000 viliwekwa Aprili 2020, wakati wa korona. Tangu hapo ushuru wa mafuta umepanda, NSSF imepanda, ushuru wa nyumba umezaliwa. Hivyo viwili havijasogea.

3. Sheria ya thuluthi moja inavunjwa, na serikali ndiyo inayoivunja.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema makato yote kwa pamoja yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Kinamlinda mfanyakazi asiende nyumbani mikono mitupu. Benki na Sacco hukopesha kwa kufuata mstari huo.

Chukua mtu wa Sh50,000 mwaka 2022. NSSF Sh200, NHIF Sh1,200, PAYE Sh7,143.35: jumla Sh8,543.35. Thuluthi mbili za mshahara wake ni Sh33,333.33, kwa hiyo Sacco iliweza kumpa mkopo wa marejesho ya hadi Sh24,789 kwa mwezi. Wengi walichukua hadi mwisho, maana karo haisubiri.

Mtu yule yule kwa viwango vya Februari 2025: NSSF Sh3,000, SHIF Sh1,375, nyumba Sh750, PAYE Sh5,845.85. Jumla Sh10,970.85. Ukiongeza mkopo, makato yanafika Sh35,759.85 na anabaki na Sh14,240.15, ilhali sheria inataka abaki na Sh16,666.67.

Mezani kwetu karani ana njia mbili tu. Akate yote, avunje Sheria ya Ajira. Au apunguze marejesho ya Sacco kwa Sh2,426.52, marejesho yaanze kuchelewa, riba ihesabiwe upya na wadhamini wapigiwe simu. Wadhamini hao ni wafanyakazi wenzake wa meza ya pili na wao wana mikopo yao. Hakuna sheria yoyote kati ya hizi mpya iliyotenga hata kifungu kimoja kueleza mikopo iliyopo ishughulikiwe vipi.

4. Ushuru wa nyumba hauna daftari la mfanyakazi.

NSSF ina akaunti ya mwanachama na SHIF ina usajili wa mwanachama. Asilimia 1.5 ya nyumba haina chochote chenye jina la aliyeitoa.

Mswada wa Fedha wa 2023 ulipofika Bungeni, ulikuwa mchango wa asilimia 3 ambao mfanyakazi asiyepata nyumba angeweza kuudai baada ya miaka 7. Uliopitishwa ukawa ushuru wa asilimia 1.5 usiorudi. Mahakama Kuu ikaufuta tarehe 28 Novemba 2023, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikaurudisha ilipotiwa saini tarehe 19 Machi 2024. Mishahara ya mwezi ule ule ikakatwa.

Sheria hiyo inasema nyumba za kijamii ni za mwenye mapato ya chini ya Sh20,000 kwa mwezi. Mfagiaji wetu wa Sh18,530 yumo. Lakini mlango wa kupata nyumba ni kujisajili, kuweka amana na kusubiri kugawiwa, na miaka aliyokatwa haimpi hatua moja mbele ya mtu ambaye hajawahi kukatwa shilingi. Kama ni ushuru, uitwe ushuru na uingie kwenye hesabu ya mzigo wa ushuru. Kama ni mchango, apewe taarifa ya akaunti. Sasa hivi ni popo.

5. Pesa hukatwa, lakini hazifiki.

Hili tunaliandika kwa uzito zaidi, maana hapa ndipo watu huumia mbele ya dirisha la hospitali.

Utaratibu ni huu. Mwisho wa mwezi mwajiri anakata. Kufikia siku ya tisa ya mwezi unaofuata anapaswa awe amepeleka PAYE, NSSF na SHIF, na ushuru wa nyumba ndani ya siku tisa za kazi. Mwajiri mwenye uhaba wa pesa hupanga foleni: PAYE kwanza, kwa sababu KRA, mamlaka ya ushuru, inaweza kufunga akaunti yake ya benki. Ushuru wa nyumba huenda pamoja nayo. NSSF na SHIF husubiri mwezi mmoja, miwili, wakati mwingine mpaka mteja mkubwa alipe.

Hati ya mshahara inaonyesha Sh509.60 zimekatwa. Mfanyakazi anaamini amelipa. Siku mtoto anapougua, mtu wa mapokezi anaingiza namba ya kitambulisho na mfumo unasema michango haijalipwa. Mfanyakazi anaambiwa alipe taslimu au arudi kwa mwajiri wake. Adhabu ya kuchelewa anatozwa mwajiri, ila kitanda anakosa aliyekatwa.

Sheria ya Ajira inasema kukata na kutopeleka ni kosa la jinai: faini ya hadi Sh100,000, kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Tatizo ni kwamba anayepaswa kulalamika ndiye wa mwisho kujua. Kwa sasa ushauri tunaowapa wafanyakazi ni wa kujihami: piga *147#, namba ya SHA inayosimamia bima ya SHIF, kila tarehe 15 uone kama mchango wa mwezi uliopita umeingia, dai hati ya mshahara kila mwezi kwa sababu kifungu cha 20 kinakupa haki hiyo, weka nakala mahali pengine mbali na kazini, ukiona miezi miwili imepita bure, nenda ofisi ya leba na hati hizo mkononi. Haifai iwe kazi ya mfagiaji kukagua hesabu za mwajiri wake, lakini hali ndiyo hiyo.

6. Vibarua.

Kila asilimia inayoongezwa kwa ajira rasmi humsogeza mwajiri upande wa kibarua. Kwa mfanyakazi wa Sh18,530.81, mwajiri anaongeza NSSF Sh1,111.85, nyumba Sh277.96 na ushuru wa mafunzo wa Sh50: jumla Sh1,439.81 juu ya mshahara. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo huhesabiwa kuwa wa mkataba. Basi anasimamishwa kabla mwezi haujatimia, anakaa nje siku kadhaa, kisha anaitwa tena. Akiwa nje, bima ya afya kwa asiye na mshahara hudaiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, na ya chini kabisa ni Sh3,600. Mpango wa kulipa polepole upo, lakini nao ni mkopo, na huyu ni mtu ambaye jana ameambiwa asije kazini.

7. Mafuta.

Kwa ufupi, maana wengine wamelisema vizuri. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Ushuru wa ukarabati wa barabara ulitoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita Julai 2024, wiki chache baada ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kuondolewa kwa gharama ya uhai wa vijana. Mafuta taa yamebeba Sh18 kwa lita tangu 2018 ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, kwa hiyo mpishi wa mtaa wa mabanda wa Mukuru analipia kosa la mwenye lori. Nauli ya matatu nayo ikipanda leo, bei ya mafuta ikishuka mwezi ujao haishuki nayo.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri anamwongezea nyingine kama hiyo. Ni kweli, na hatutamani kurudi kwenye mchango wa Sh200, ambao ulikuwa mzaha kwa mtu aliyefanya kazi miaka 30. Hatuombi NSSF ipunguzwe. Tunaomba mjue kwamba mwenye nyumba hapokei taarifa ya NSSF badala ya kodi, kwa hiyo makato mengine yangepaswa kupangwa yakijua NSSF imeshapita hapo.

Tutaambiwa pia SHIF ni nafuu kuliko NHIF kwa mshahara wa chini. Nalo ni kweli: kwa mfano wetu imepungua kwa Sh90.40. Ushuru wa nyumba umezichukua zote na kudai Sh187.56 juu yake.

Tutaambiwa waajiri waongeze mishahara. Waajiri hufuata agizo la serikali kwa senti, tena wengine kwa shingo upande, na agizo ndilo hilo la asilimia 6.

Na tutaambiwa nchi ina madeni. Tunajua. Lakini nchi iliyoweza kumwachia mwenye milioni moja Sh14,875 kwa mwezi haiwezi kusema haina namna ya kumwachia mfagiaji Sh277.96.

Tunachoomba

Kwanza, ushuru wa nyumba upande wa mfanyakazi utozwe tu kwenye kiasi kinachozidi Sh24,000 za kwanza, kama ilivyo kwa PAYE. Upande wa mwajiri ubaki ulivyo. Kwenye mifumo yetu ya mishahara hilo ni badiliko la mstari mmoja.

Pili, nafuu ya kibinafsi na daraja la kwanza la PAYE viongezwe katika Mswada wa Fedha ujao, na sheria iseme vitapitiwa kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei unaotangazwa na KNBS, shirika la takwimu la taifa.

Tatu, kila agizo jipya la kima cha chini cha mshahara lichapishwe pamoja na jedwali linaloonyesha kinachobaki mkononi baada ya makato yote, kwa kila ngazi na kila eneo. Kama jedwali hilo lingekuwepo Novemba 2024, zile Sh50.50 zingeonekana kabla ya agizo kutiwa saini.

Nne, makato yote manne yapelekwe kwa malipo ya pamoja yasiyoweza kugawanywa, ili mwajiri asichague nani alipwe na nani asubiri. Mfanyakazi apokee ujumbe wa simu kufikia tarehe 15 ukitaja kila kiasi kilichofika. Na kama hati ya mshahara inaonyesha SHIF imekatwa, hospitali imhudumie, kisha SHA imfuate mwajiri.

Tano, kusiwe na kato jipya wala badiliko la kiwango bila notisi ya siku 60, na yote yaanze Januari au Julai. Tangu 2023 tumebadilisha hesabu kila Februari kwa ajili ya NSSF, Julai 2023 na Machi 2024 kwa ajili ya nyumba, Oktoba 2024 kwa ajili ya SHIF, na tarehe 27 Desemba 2024 kwa ajili ya PAYE, siku ambayo kampuni nyingi zilikuwa zimelipa mishahara kabla ya Krismasi. Kila badiliko la ghafla huzaa makosa, na kosa likigunduliwa miezi mitatu baadaye hukatwa kwa mkupuo kwenye mshahara wa mtu yule yule.

Sita, Wizara yako na ile ya Leba zitoe mwongozo wa pamoja kuhusu thuluthi moja: makato yakizidi thuluthi mbili, lipi lipunguzwe kwanza, na mkopo uliochukuliwa kabla ya 2023 urefushwe vipi bila kuwagusa wadhamini.

Hesabu zote zilizomo humu tuko tayari kuzirudia mbele ya maafisa wako, kwenye ubao, kwa mshahara wowote watakaoutaja. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya vikao vya maoni ya umma kuhusu Mswada wa Fedha ujao kuanza, ili wafanyakazi waende huko wakijua Wizara imekubali lipi na imekataa lipi.

Wako kwa heshima,

Makarani wa mishahara,
Nairobi.